Sura ya Kumi na Moja: Jozi Nane Mezani

Ghala liliungua Jumapili mchana kweupe, na hadi Jumatano asubuhi pembe moja ilikuwa bado inafuka moshi. Inspekta alisimama katikati ya majivu ndani ya buti za kuazima, zimemzidi namba mbili, akichokonoa chini kwa nondo. Wenzake kituoni walimwita Mama Taratibu. Walimwita hivyo kwa utani, lakini mahabusu wengi walikuwa wamejuta kudhani kwamba upole wa yule mama ni usingizi.

"Saa nane, Afande," alisema Sajenti, mtu mzima mwenye kitambi na watoto watano, ambaye kwa kawaida hakupitisha dakika kumi bila mzaha. Leo mzaha ulikuwa umemkauka. "Saa nane jalada linakwenda kwa hakimu. Kesi ya mauaji haina dhamana. Makufuli akishapanda gari la mahabusu, kurudi kwake ni majaliwa."

"Saa naijua. Niambie unaona nini hapa."

"Majivu."

"Tazama tena."

Sajenti akachuchumaa, magoti yakalia. Kati ya majivu kulikuwa na mabonge meusi, magumu, yanayong'aa. Aliokota moja akaligonga kwenye buti. Likalia ko, ko.

"Orodha ya ghala inasemaje?" aliuliza Inspekta.

Sajenti akafungua daftari. "Makoti ya sufu, mia nne. Mashati ya pamba tupu, elfu mbili. Suruali za kitani."

"Pamba ikiungua inaacha nini?"

"Jivu."

"Sufu?"

"Jivu, na harufu ya nywele. Mke wangu aliwahi kuunguza koti langu kwa pasi, nyumba ilinuka siku mbili."

"Basi haya mabonge yametoka kwenye nguo gani?"

Sajenti akaipitia orodha tena kwa kidole. Tatizo ni kwamba jibu jepesi lilikuwepo tayari, limeandikwa na kusainiwa, na lilikuwa linampeleka mtu kitanzini. Makufuli ndiye aliyekuwa mtunza ghala. Funguo zilikuwa kiunoni mwake, na ndipo alipopatia jina. Muuza maji wa ng'ambo ya barabara alimwona akitoka ghalani saa nane ya Jumapili ile, siku ambayo kazi hufungwa. Saa tisa na nusu moshi ukaonekana. Moto ulipozimwa, mlinzi wa usiku, mzee mmoja aliyeitwa Tochi, alikutwa amekufa ndani, hatua sita kutoka mlango mdogo wa nyuma. Makufuli alipoulizwa alifuata nini pale, alisema neno moja tu: "Sikuchoma." Alipoulizwa tena, akatazama ukuta.

Mwenye mali alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, naye ndiye aliyemfunga kamba ya mwisho. Jana Inspekta alipomwonyesha bonge moja, mzee alilitazama sana, akasema: "Basi nimeibiwa. Mimi nilinunua sufu. Mwenye funguo amebadilisha mali yangu, kisha akachoma ili isijulikane." Akaweka saini.

Maelezo yalikuwa yanashikana vizuri kiasi kwamba Inspekta mwenyewe alilala nayo usiku kucha akiyaamini. Asubuhi aliamka na swali moja, kama kweli mzee hakujua kilichokuwa ndani ya marobota yake, na ndiyo maana alikuwa amesimama majivuni.

"Marobota haya yalibanwa kwa mashine," alisema. "Kitu kilichobanwa hivyo huungua nje, moyo unabaki. Nitafutie moyo."

Walitafuta hadi saa nne. Chini ya paa lililoanguka wakapata robota moja lililokuwa jeusi pande zote. Sajenti akalipasua kwa panga. Ndani kulikuwa na makoti, mashati na suruali, vyote vikavu, vimekunjwa sawasawa.

*

Kampuni ya mzee, Mlango wa Nyuma, ilikuwa na maduka ishirini na mawili wakati wa neema yake. Sasa lilibaki moja, lile lile la kwanza, na dirishani palikuwa na karatasi imeandikwa kwa mkono: TUNAFUNGA MWISHO WA MWEZI. Sanamu mbili za dirishani zilikuwa zimevuliwa na kufunikwa shuka, kwa heshima, maana aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke wa kizamani.

Huyo alikuwa Bi Mkasi, dada yake mwenye mali na mama mzazi wa Makufuli. Alikuwa nyuma ya kaunta, akinyoosha nguo zisizohitaji kunyooshwa.

"Mwanangu amekula?" Ndiyo salamu aliyowapa.

"Amekula kidogo," alisema Inspekta.

"Hapendi chai isiyo na tangawizi. Lakini basi, mahabusu si kwa mamake. Kaeni."

Inspekta hakukaa. Alivua koti lake mwenyewe, la kijivu, akalilaza juu ya kaunta. "Hili nililinunua hapa miaka kumi na moja iliyopita, nilipopandishwa cheo. Naomba uniambie kitu juu yake."

Bi Mkasi aligeuza ukosi bila kutazama, kama mtu anavyogeuza ukurasa wa kitabu anachokijua. Ndani kulikuwa na lebo iliyokatwa katikati, imebaki nusu ya jina la kiwanda. "Huu mkono wangu," alisema. "Nakata nikishuka kushoto. Nimekata lebo miaka ishirini na sita. Ukizipanga zinaweza kufika mbinguni na chenji ikabaki."

"Kwa nini zinakatwa?"

"Hujui? Na koti umelivaa!" Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Kiwanda cha watu wenye jina kinashona makoti elfu. Wanunuzi wanachukua mia saba. Mia tatu yanabaki. Wakiyauza rahisi, wale waliolipa ghali watawatukana. Kwa hiyo kaka alikuwa anakwenda mlango wa nyuma. Wanamwambia, chukua, lakini jina letu likate. Sikulitoa lote, nililikata tu. Mteja akipapasa ukosi akakuta nusu ya jina, moyo wake unatulia. Kulikuwa na mama mmoja alirudisha blauzi kwa hasira kwa sababu lebo ilikuwa nzima. Alisema tumemuuzia feki!"

Sajenti akacheka, kisha akaona aibu akakohoa.

"Na kaka yako ndiye aliyechagua?"

"Yeye peke yake. Kwa nini unadhani wanamwita Mzee Vidole? Tulianza chumba hiki, yeye na mimi na cherehani moja. Wafanyakazi walipofika mia, alikuwa bado anajua nani mkewe kajifungua na nani kahamishwa nyumba. Kisha maduka yakawa kumi, yakawa ishirini, akanunua gari la vioo vyeusi. Halafu viwanda vikajanjaruka, vikafungua maduka yao vyenyewe ya kuuza mabaki. Watu nao wakaanza kununua kwenye simu wakiwa wamelala. Kila miezi miwili tulifunga duka. Wateja wa siku za mwisho wanakuja kutumia choo."

Inspekta alitoa koti lililotoka kwenye moyo wa robota, akaliweka kando ya lake. Lilikuwa la rangi ile ile ya kijivu. "Na hili?"

Bi Mkasi aligeuza ukosi. Akavaa miwani. Akaupeleka ukosi mlangoni kwenye mwanga, akaufuata mshono wa lebo kwa ukucha.

"Hii sikukata mimi," alisema.

"Nani amekata?"

"Njoo uone. Kwenye koti lako, mshono wa lebo umeishia pale mkasi ulipopita. Uzi umekatika pamoja na lebo. Hapa uzi umepanda juu ya mkato, umeuzunguka, umerudi. Lebo ilikatwa kwanza, ndipo ikashonwa." Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukadondosha tone jeusi, likagandia kwenye kaunta. "Poliesta. Mahali fulani kuna watu wanashona takataka mpya na kuzitia lebo zilizokatwa tayari."

Hapo ndipo swali la Inspekta lilipopata mguu wa kusimamia. Mwizi wa ghala huiba mali nzuri na kujaza matambara yoyote. Hana haja ya kuagiza lebo kiwandani. Mwenye haja hiyo ni yule anayeuza.

"Ulijua?" aliuliza.

"Miaka mitatu sijashika mkasi. Kaka aliniambia viwanda sasa vinakata vyenyewe. Nikasema afadhali, vidole vinauma." Bi Mkasi alikunja koti vizuri, mikono ndani. "Sikugeuza ukosi hata mmoja tangu siku ile. Mtu akitaka kuona, anageuza. Mimi sikutaka."

"Bi Mkasi, kaka yako ametoa maelezo. Anasema mwanao ndiye aliyebadilisha mali na kuchoma."

Mama yule alishika kaunta. "Kasema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Na amesaini."

"Mtoto yule alipofiwa na baba, kaka ndiye aliyemfundisha kutembea," alisema, na machozi yalitoka bila sauti yake kubadilika. "Alikuwa anamwita 'mkono wangu wa kulia'."

"Je, angeweza kudanganywa na nguo hizi?"

"Kaka? Mfunge macho, mpe mafua, bado atakwambia. Lakini atakataa. Atasema ni uzee. Utamthibitishiaje mtu kwamba vidole vyake vinajua?"

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. Alitazama henga za duka, ambako nguo chache za zamani zilikuwa bado zinaning'inia.

"Nipe nguo nane halali," alisema, "na kila moja unitafutie inayofanana nayo kutoka kwenye robota lililoko garini. Zifunge kosi kwa pini, lebo isionekane. Ndani ya mkono andika namba kwa chaki. Zipi halali, zipi si halali, andika kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha, uifunge. Mimi sitaki kujua, na Sajenti asijue."

Zilipokuwa tayari alimwita Sajenti ajaribu kwanza. Sajenti alipapasa, akanusa, akakuna kidevu, akachagua. Bi Mkasi alipolinganisha, Sajenti alikuwa amepatia tano na kukosea tatu.

"Wewe baba," alisema Bi Mkasi huku akipangusa macho, "unaweza kuuziwa gunia ukalivaa harusini."

"Ndiyo maana nguo ananinunulia mke wangu," alisema Sajenti.

Bi Mkasi akafunga bahasha upya, akawafuata hadi garini. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyemzuia.

*

Mzee Vidole aliingia chumba cha mahojiano saa saba na dakika tano, amevaa suti ya bluu iliyomkaa kama alizaliwa nayo. Aliona meza imejaa nguo. Akamwona dada yake amekaa kwenye kiti cha pembeni.

"Dada anafanya nini hapa?"

"Ni shahidi," alisema Inspekta. "Mzee, ulisema mali uliyonunua ilikuwa sufu na pamba, na kwamba hukujua ilibadilishwa."

"Ndivyo."

"Ulikuwa unaingia ghalani?"

"Mara moja moja."

"Uliziona nguo mpya?"

"Niliziona."

"Ukazigusa?"

Mzee akatabasamu kwa huzuni, akainua mikono. "Mama, hivi vidole vilikuwa vidole. Sasa vimekufa. Mimi nina miaka sabini na moja. Mtoto alijua kwamba sijui tena, ndiyo maana akathubutu."

Bi Mkasi alitazama sakafu.

"Basi nisaidie jambo dogo, tulimalize," alisema Inspekta. "Kuna jozi nane. Kila jozi ina nguo moja halali na moja ya kughushi. Gusa zote mbili, unisogezee unayodhani ni halali. Ukikosea si dhambi. Umeshasema vidole vimekufa."

Sajenti akasogeza jozi ya kwanza, makoti mawili ya kijivu. Mzee aligusa la kushoto kwa vidole viwili, akagusa la kulia, akasogeza la kulia. Jozi ya pili, mashati. Akasogeza la kushoto. Ya tatu alichelewa kidogo, akatikisa kichwa, akasogeza. Sajenti akawa anaandika kila namba. Kwenye jozi ya nane mzee alifumba macho kabisa, akagusa, akasogeza suruali moja mbele, akapangusa mikono kwa leso.

Inspekta akafungua bahasha mbele yake. Akalinganisha namba moja moja, bila haraka, na Sajenti akichungulia begani kwake.

"Umekosa zote," alisema Inspekta.

"Zote nane?"

"Zote nane."

"Basi umeona mwenyewe," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na uchovu wa kweli. "Nimekwisha."

"Sajenti hapa hajui sufu wala gunia. Alijaribu nguo hizi hizi, akapatia tano. Asiyejua hubahatisha, Mzee. Mara apatie, mara akosee. Ukirusha sarafu mara nane, haianguki upande mmoja mara zote nane ila kwa nadra sana. Kukosa zote nane kwenye meza hii, ni lazima ujue zote nane." Alizikusanya karatasi. "Ungekosa nne tu, ningekuacha uende zako."

Mzee Vidole alitazama nguo. Mkono wake ulikuwa juu ya suruali ya mwisho, ile aliyoikataa, na vidole vilikuwa vinaipapasa pole pole, kitani halali cha zamani. Aliona anavyofanya, akaondoa mkono.

"Kaka," alisema Bi Mkasi. "Mtoto anapelekwa saa nane."

"Asingefungwa," alisema mzee. "Ningemwekea wakili mzuri. Ushahidi ulikuwa mdogo. Angetoka."

"Baada ya miaka mingapi?"

Mzee aliikunja leso. Kisha maneno yakaanza kumtoka, makavu, kama mtu anayesoma orodha. Miaka mitatu hakuna kiwanda kilichompa kitu. Akapata watu wa kumshonea. Kiwanda kimoja kiliona nusu ya jina lake kwenye vazi la poliesta, kikaandika barua: wakaguzi watakuja Jumatatu kufungua marobota. Angeweza kufunga maduka yote, angeweza kulala njaa. Lakini mtu afungue robota mbele ya wafanyakazi na kusema Mzee Vidole ni mwongo, hapana. Alikuwa na ufunguo wa pili ambao hata Makufuli hakuujua. Alikwenda saa tisa.

"Sikuua mtu," alisema. "Nilichagua saa. Mlinzi wa usiku anaingia saa kumi na mbili jioni. Mchana wa Jumapili ghala huwa tupu. Yule mzee aliona moshi, akaingia kuzima. Mungu anajua."

Inspekta alikuwa anaandika, na alikuwa anaamini, maana hata yeye alikuwa ameandika hivyo kwenye jalada. Ni Bi Mkasi aliyesema.

"Tochi hakuingia kuzima. Alikuwa ndani, amelala."

Kalamu ikasimama.

"Kwake ni chumba kimoja na wajukuu sita," aliendelea. "Anayekesha usiku atalala wapi mchana? Miaka minne alikuwa analala ghalani, nyuma ya marobota, karibu na mlango mdogo. Wiki ile kifua kilimbana. Makufuli alimpelekea dawa Jumapili. Ndicho alichofuata."

"Kwa nini hakusema?" aliuliza Inspekta.

"Kanuni za kampuni. Mlinzi akikutwa amelala ghalani amefukuzwa kazi, na aliyefukuzwa hana mafao. Mwanangu alisema marehemu hawezi kujitetea, na hakutaka mjane wa Tochi akose hata pesa ya sanda kwa sababu ya maneno yake. Aliniapisha nisiseme. Nilidhani polisi wangeona tu kwamba hana kosa." Akamgeukia kaka yake. "Kanuni hizo uliandika wewe."

Mzee Vidole aliinama juu ya meza. "Nani alijua kwamba analala mle?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Wafagiaji. Madereva. Wasichana wa kaunta. Muuza maji wa ng'ambo alikuwa anamuuzia maji ya kunawa akiamka."

"Mbona hamkuniambia?" Alisema kwa sauti kubwa, ya uchungu mtupu, na haikuwa hila tena. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Zamani hatukuwa na haja ya kukuambia," alisema dada yake. "Ulikuwa unajua."

*

Saa saba na dakika arobaini na tano Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka, akamwambia maneno machache, akakata. Mzee alikuwa ametia saini maelezo mapya, na Sajenti alimtia pingu kwa upole, akamtandikia koti mikononi zisionekane, bila kuulizwa. Wakatokea ukumbini wakati askari wa zamu anamleta Makufuli kutoka selo.

Alikuwa mwanaume mrefu wa miaka thelathini na kitu, viatu havina kamba, ndevu za siku tatu. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Alimwona mama yake kwanza, kisha akamwona mzee, na uso wote ukafunguka.

"Shikamoo, mjomba." Aliinamisha kichwa, kama alivyofundishwa. "Niliwaambia hawa. Niliwaambia mjomba wangu hawezi kulala mimi nikiwa humu. Nilijua utakuja kunitoa."

Alingoja aitikiwe. Mzee Vidole alifungua mdomo, ukabaki wazi. Inspekta, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameona watu wakilia, wakizimia na kutukana katika ukumbi ule, aligeuka akatazama ubao wa matangazo, maana hakuweza kutazama.

Makufuli akanyoosha mkono wa kulia amsalimie mjomba wake.